Kibindo chenye zipu: mwongozo kamili wa kuchagua, kuvaa na kushona kibegi cha kiunoni

Bibi yangu mzaa mama hakuwahi kuwa na pochi. Noti zake, ufunguo wa kabati na kijaluba cha tambuu, vyote vilikaa kibindoni. Alikunja upindo wa kanga, akauviringisha mara mbili tatu, akaufutika kiunoni, na hapo hata akimbizane na mbuzi hakidondoki kitu. Sisi wajukuu tukimwona ameinamisha kichwa anafungua kanga, tulijua hela ya mandazi inakuja.

Neno lenyewe halijafa. Kila wiki watangazaji wa mpira wanatuambia timu fulani imetia kibindoni pointi tatu, ingawa vijana wengi wanaowasikiliza hawajafunga kibindo maishani mwao. Wanachofunga ni kibegi cha kiunoni: kimfuko chenye zipu, mkanda na klipu. Hapa Tanga utakiona kwa dereva wa bodaboda pale stendi ya Kange, kwa kondakta, kwa muuza vocha, kwa dada aliyevaa baibui anayeendesha baiskeli kwenda kazini, na jioni kule Raskazone kwa vijana waliokivaa mshazari kifuani kwa kupendeza tu.

Ni kitu cha kale mno. Mwaka 1991 ilipatikana maiti iliyoganda kwenye barafu ya milima ya Alps, mpakani mwa Italia na Austria, ya mtu aliyeishi zaidi ya miaka 5,000 iliyopita. Walimwita Ötzi. Alikuwa na mkanda wa ngozi ulioshonewa kimfuko, na ndani yake mlikuwa na vifaa vya jiwe la gumegume, msharasi wa mfupa na uyoga mkavu wa kuwashia moto. Mahujaji wetu nao hufunga mkanda wenye mifuko juu ya ihramu, na wanazuoni wengi wameuruhusu, kwa sababu mtu aliye safarini lazima awe na mahali pa kuhifadhi pesa yake.

Mimi ni fundi cherehani, nashona Ngamiani. Vibegi vinavyoletwa kwangu vimeharibika karibu vyote vina ugonjwa mmoja: mfuko mzima, zipu nzima, lakini mkanda umeng'oka pale unapoungana na mfuko. Cha kwanza nilichonunua mwenyewe, miaka hiyo sijajua kukagua, kilining'okea nikiwa nyuma ya bodaboda barabara ya Pangani. Kilikwenda na kitambulisho na pesa ya kitambaa cha mteja. Pesa niliilipa kwa kushona usiku wiki mbili. Ndiyo maana katika mwongozo huu nitakaa sana kwenye hilo ungio la mkanda.

Hatua ya kwanza: mwaga unachobeba mezani

Kabla ya kuangalia rangi, toa vyote unavyotembea navyo kwa siku ya kawaida, uvipange mezani. Simu nyingi za siku hizi zina urefu wa sentimita 16 hadi 17. Kitambulisho cha taifa na kadi ya benki vina kipimo kimoja, sentimita 8.5 kwa 5.4 hivi. Pasi ya kusafiria ni sentimita 12.5 kwa 8.8. Funguo, kitambaa cha jasho, pampu ya pumu kwa mwenye pumu, na mfuko wa kitambaa uliokunjwa kwa ajili ya sokoni, maana tangu tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku na usipokwenda na wako utanunua mwingine kila siku.

Sasa ondoa kisichohitajika. Chupa ya maji ya nusu lita peke yake ni nusu kilo, na kiunoni hapatakiwi nusu kilo ya maji. Kwa uzoefu wangu kibegi kikipita kilo moja kinaanza kuning'inia, kinavuta nguo, na mtu anajikuta anatembea akikishika kwa mkono. Ukiona una vitu vya kilo mbili, wewe unahitaji mkoba wa begani, na hakuna aibu katika hilo.

Pampu ya pumu iwe kwenye mfuko wa mbele kabisa, peke yake. Wakati wa kuihitaji si wakati wa kupekua.

Hatua ya pili: pima kiuno ukiwa umevaa

Watu hupima kiuno wakiwa na fulana nyepesi, kisha wanakivaa kibegi juu ya kanzu au juu ya jaketi wakati wa mvua, na mkanda unakuwa mfupi. Chukua futi ya kupimia, izungushe juu ya nguo utakazovaa, pale mfupa wa nyonga unapojitokeza ubavuni, chini kidogo ya kitovu. Hapo ndipo mzigo unapotulia, kwa sababu mfupa unaubeba. Ukikifunga juu ya kitovu kinabana tumbo ukikaa. Ukikishusha mapajani kinapigapiga ukitembea.

Kwa kipimo hicho ongeza sentimita 30. Huo ndio mzunguko mzima wa kibegi na mkanda wake, na ziada yake inakupa nafasi ya kulegeza. Ukitaka pia kukivaa mshazari kifuani, pima kutoka juu ya bega, pita mgongoni, rudi mbele chini ya kwapa la upande wa pili hadi pale ulipoanzia, na utumie kipimo kitakachokuwa kirefu zaidi kati ya viwili.

Akina dada wanaovaa shanga kiunoni, fungeni mkanda juu kidogo au chini kidogo ya shanga. Mkanda ukilala juu yake na mzigo ukavuta, jioni ngozi itakuwa na alama.

Ukinunua: mahali pa kutazama

Iwe ni dukani, iwe kwenye mitumba ya Mgandini, fanya hivi. Shika mfuko kwa mkono mmoja na mkanda kwa mkono mwingine, vuta kwa nguvu pande zote mbili, huku ukitazama mshono wa ungio. Ukiona nyuzi zinafunguka mwanya, rudisha. Kisha geuza ndani nje. Kibegi kizuri utakuta mkanda umeingia ndani ya mshono na umeshonwa mara kadhaa, au umeshonwa mraba wenye mistari miwili ya mshazari ndani yake. Kibaya utakuta mstari mmoja tu wa uzi, na pembeni kitambaa kinachanika nyuzinyuzi.

Klipu ifunge na uifungue mara kumi. Itoe mlio, na ikishafungwa isicheze. Zipu iendeshe na kuirudisha ukiwa umeweka simu yako ndani, si ikiwa tupu.

Hapa kwetu kuna jambo moja zaidi. Hewa ya bahari ina chumvi, na chumvi inakula chuma. Zipu ya chuma inayong'aa dukani, baada ya miezi kadhaa ya jasho na upepo wa pwani huanza kukwama na kutoa kutu. Mimi huchukua zipu yenye meno ya nailoni au plastiki, namba 5. Namba 3 ni ya sketi na mito, ni nyembamba mno kwa kitu kinachofunguliwa mara arobaini kwa siku.

Namna ya kukivaa

Mbele, daima mbele, ukiwa sokoni, stendi au ndani ya daladala. Ukikaa, kilaze mapajani. Mdomo wa zipu uufunge hadi mwisho upande wa mkono wako wenye nguvu, ili kiganja chako kiwe ndicho kinacholinda. Klipu isikae mgongoni. Mwizi akisimama nyuma yako anaibonyeza kwa vidole viwili nawe husikii. Ivute ije ubavuni, chini ya mkono, au ifunikwe na shati.

Pesa igawe. Ya nauli na chenji iwe mfuko wa mbele. Noti kubwa ziwe mfuko wa nyuma unaogusa tumbo. Hivyo ukitoa nauli hakuna anayeona elfu kumi.

Kwenye baiskeli mambo yanageuka, na Tanga ni mji wa baiskeli, kwa hiyo nilisemee. Ukiinama kushika usukani, kibegi cha mbele kinagongana na paja kila unapokanyaga. Kisogeze ubavuni au juu ya kiuno kwa nyuma, kaza mkanda, halafu ukishuka tu kirudishe mbele kabla hujaanza kutembea. Dereva wa bodaboda yeye hana tabu hiyo, akiweke mbele, kitakuwa kati yake na tangi.

Wavaa baibui wengi hukifunga ndani, na wanafanya vizuri, ila kila wakitaka pesa inabidi wapandishe nguo au waingize mkono kwa shingoni. Mwambie fundi wako afumue mshono wa ubavu wa baibui pale nyonga, urefu wa sentimita 16, akunje kingo na kuzishona, na juu na chini ya upasuo apige kishono cha kukaza. Mkono unapita, kibegi unakifikia, na upasuo hauonekani ukisimama. Ni kazi ya dakika ishirini.

Wakati wa swala kifungue ukiweke mbele yako pale unaposujudia pembeni kidogo. Kikibaki tumboni kinakusumbua katika rukuu na sijida.

Kushona cha kwako

Mama mmoja anayeuza samaki pale Deep Sea alikuja dukani asubuhi moja na kibegi cha dukani kilichoganda.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Zipu hii haishikiki vidole vikiwa na shombo. Na pesa zote zinanuka. Mtoto nikimpa hela ya shule anaona haya."

Nilimshonea chenye mifuko miwili, mmoja wa pesa inayoingia kwa mkono wa samaki, mwingine wa pesa aliyokwisha kunawa mikono ndipo akaihesabu. Kwenye kidude cha zipu nilifunga kikamba cha urefu wa kidole ili aweze kukivuta hata mkono ukiteleza. Bitana niliweka ya nailoni inayooshwa ikakauka mara moja. Kibegi cha namna ile hukipati dukani, na ndiyo faida ya kushona: kinafuata mwili na kazi ya mvaaji.

Kipimo ninachokupa hapa kinatoa kibegi cha upana wa sentimita 26 juu, kimo 14, na unene wa sentimita 4 kwa chini. Simu, funguo, kitambulisho na mfuko wa sokoni vinaingia bila kubanana.

Vifaa: nusu mita ya jinzi au turubai jepesi, kipande cha kanga au kitenge kwa ajili ya uso wa mbele, nusu mita ya bitana, zipu ya nailoni namba 5 yenye urefu wa sentimita 30, mkanda wa nailoni wa upana wa milimita 38, mita moja kwa kiuno cha sentimita 90, au mita moja na nusu ukitaka na mshazari, klipu ya plastiki ya upana huohuo, uzi wa poliesta, sindano ya cherehani namba 16 kwa jinzi, 14 kwa turubai. Uzi wa pamba usitumie kwenye mkanda. Jasho na maji vinauozesha.

Kabla ya kukata, loweka kanga na jinzi katika maji baridi, ukaushe, upige pasi. Pamba hurudi ikioshwa, na jinzi mpya hutoa rangi ya buluu. Nimeona kanzu nyeupe ya Ijumaa ikiharibika kiunoni kwa kibegi kipya cha jinzi na jasho la Februari.

Kata vipande hivi, vyote vikiwa tayari na sentimita moja ya mshono kila upande:

- mbele juu: 28 kwa 5, kimoja cha nje na kimoja cha bitana
- mbele chini: 28 kwa 14, kimoja cha nje na kimoja cha bitana
- nyuma: 28 kwa 18, kimoja cha nje na kimoja cha bitana
- mfuko wa siri wa nyuma: 28 kwa 14
- vipande vinne vya masikio, yaani mabawa ya ubavuni: upande mmoja sentimita 10, upande wa pili 6, urefu 8
- ukanda mrefu wa bitana wa upana wa sentimita 4, uliokatwa mshazari, wa kufunikia kingo

Ukitaka kanga ionekane mbele, kumbuka kwamba jina la kanga nyingi ni refu kuliko uso wa kibegi. Usilikate katikati likabaki halina maana, au likawa na maana usiyoikusudia. Chagua neno moja linalosimama peke yake, au acha jina, chukua pindo, ambalo mara nyingi ndilo zuri zaidi. Kanga ni nyepesi, kwa hiyo nyuma yake gandisha kwa pasi kile kitambaa kigumu cha kola, kisha ilaze juu ya jinzi na uzishone pamoja pembeni kama kipande kimoja.

Anza na zipu. Weka mezani kile kipande cha "mbele chini", uso ukikutazama, laza zipu juu yake uso chini, kingo zikilingana, kisha bitana juu ya zipu uso chini. Zipu iko katikati kama nyama kwenye sambusa. Badilisha guu la cherehani uweke la zipu, shona, geuza vipande viangalie nje, piga pasi, halafu piga mshono wa juu milimita tatu kutoka kwenye meno. Mshono huu wa juu usiuache. Ndio unaozuia bitana isinaswe na zipu kila unapofungua. Rudia upande wa pili na kipande cha mbele juu. Ukimaliza utakuwa na uso wa 28 kwa 18, sawasawa na wa nyuma.

Hapa pana kosa ambalo karibu kila mwanafunzi wangu amelifanya mara moja: vuta kidude cha zipu kije katikati kabla ya kukata ncha za zipu zilizozidi pembeni. Kikibaki nje ya mstari, ukikata umekikata nacho.

Nyuma ni rahisi. Pinda sentimita mbili za ukingo wa juu wa mfuko wa siri, ulaze juu ya kipande cha nyuma upande wa nje, chini na pembeni vikilingana, bitana nyuma yake, na uzishikanishe zote kwa mshono mrefu kuzunguka. Mfuko huu hauhitaji zipu. Mwili wako ndio unaoufunga.

Sasa masikio, yaani yale mabawa mawili yanayotoka ubavuni mwa kibegi kwenda kwenye mkanda. Vibegi vingi vya bei ya chini havina masikio. Mkanda wenyewe umechomekwa kwenye mshono wa ubavu, kwa hiyo nguvu yote ya mzigo inavuta sehemu ya upana wa vidole viwili. Sikio linapokea nguvu hiyo kutoka kwenye mkanda wa sentimita 4 na kuitandaza kwenye sentimita 8 za ubavu. Ndiyo siri yote. Shona vipande viwiliviwili, nyuso zikitazamana, kwenye zile kingo mbili za mshazari tu, geuza, piga pasi. Upande mpana na upande mwembamba vibaki wazi.

Laza kipande cha nyuma uso juu. Weka masikio pembeni, upande mpana ukilingana na ukingo wa ubavu, yakianzia sentimita 3 kutoka juu, ncha nyembamba zikielekea ndani. Weka na kitanzi cha utepe kwa ajili ya funguo, lakini hicho kikae upande wa bitana. Funika kwa kipande cha mbele uso chini, zipu ikiwa wazi nusu. Usiposikia hilo la zipu, utashona vizuri sana kisha ushindwe kugeuza. Zunguka pande zote kwa sentimita moja. Kwenye masikio rudi nyuma, shona tena, rudi tena: mara tatu. Unapovuka ncha za zipu, zungusha gurudumu la cherehani kwa mkono, sindano isije ikavunjika.

Kwa unene wa chini, shika kila pembe ya chini, ikunjue mpaka mshono wa ubavu ulale juu ya mshono wa chini na pembe iwe kama ncha ya sambusa. Pima sentimita 2 kutoka ncha ya mshono, chora mstari wa kukatiza, ambao utakuwa na urefu wa sentimita 4, shona juu yake, kisha kata ncha. Funika kingo zote za ndani kwa ule ukanda wa mshazari. Geuza kwa kupitia zipu, sukuma pembe kwa penseli butu.

Mkanda unakuja mwisho, na ndivyo inavyopaswa, kwa sababu klipu na mita nzima ya nailoni ndani ya kibegi wakati unashona ni usumbufu mtupu. Kata sentimita 18 kwa upande mfupi, unaobaki ndio mrefu. Ncha za nailoni ziunguze kidogo kwa kiberiti mpaka ziyeyuke na kugandana. Usipofanya hivyo zitachambuka zote. Ingiza kila mkanda sentimita 3 ndani ya sikio, ukiwa umekunja kingo za sikio sentimita moja kwa ndani. Shona mraba juu yake, halafu katiza mraba huo kutoka pembe hadi pembe, mara mbili. Upande mfupi pitisha kwenye nusu ya klipu isiyorekebishika, kunja sentimita 5, shona mraba mwingine wa namna ileile. Upande mrefu pitisha kwenye nusu inayorekebishika, na ncha yake uikunje mara mbili na kuishona iwe nene. Unene huo ndio unaozuia mkanda usichomoke wote kwenye klipu mtu akilegeza.

Kisha lijaribu ungio kabla hujakitoa kibegi nje ya nyumba. Tia ndani kilo mbili za mchanga uliofungwa kwenye mfuko, shika mkanda, kitikise. Mzigo huo hutaubeba kamwe, na kwa sababu hiyo ndio unaofaa kwa majaribio.

Wateja wengi, hasa wageni kutoka mikoani, huniuliza kwa nini sitengenezi mkanda wa mkonge na tuko Tanga. Mkonge ni fahari yetu tangu Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo Mjerumani, alipouleta mwaka 1893, na kwa kamba ni imara. Lakini nyuzi zake ni kali, zinakwaruza ngozi na kusaga nguo. Nautumia mbele, kwa urembo, kusuka kishada au ua. Kwenye mkanda hapana.

Kukivaa kikapendeza

Kibegi chenye kitenge cha maua makubwa kinataka nguo ya rangi moja. Nguo ikiwa na maua, kibegi kiwe cheusi, kahawia au rangi moja iliyomo ndani ya hayo maua. Juu ya kanzu, chembamba cha rangi ya kofia au ya ngozi ya viatu kinatulia kuliko cheusi kikubwa. Mtu mfupi akifunga kibegi kipana kinamgawa katikati. Kiwe kidogo, au akivae mshazari, mfuko ukae juu ya mbavu na si juu ya tumbo.

Mabibi zetu walipojifunga kibwebwe kwenda ngomani hawakufunga ili wasipendeze. Kanga ilibana, kiuno kikaonekana, mikono ikabaki huru. Fundo lenyewe lilipangwa. Kwa hiyo mkanda unaoning'inia mkia wa nusu mita mbele ya suruali hauna udhuru: uviringishe, uubane kwa kitanzi cha mpira, au ukate na kuunguza ncha upya.

Kwa harusi nashona kidogo cha satini kwa dada wanaohudumia wageni. Simu haiingii. Inaingia lipstiki, kitambaa, na pesa ya kutuza.

Kukitunza pwani

Kikiingia maji ya bahari, kisuuze kwa maji baridi siku hiyohiyo kabla chumvi haijakauka kwenye meno ya zipu. Kioshe kwa sabuni ya unga na mswaki wa zamani, kianikwe kivulini kikiwa wazi. Jua kali hudhoofisha nailoni hata kama rangi haijapauka, kwa hiyo kisiachwe kwenye kamba mchana kutwa. Wakati wa masika, simu itangulie kwenye mfuko wa nailoni unaofungika, kwa sababu jinzi haizuii maji, na turubai jepesi huzuia kwa dakika chache tu.

Zipu ikianza kuwa nzito, sugua meno kwa kipande cha mshumaa, iendeshe mara kumi. Ikiwa inafungwa lakini nyuma yake inaachia, usikimbilie kununua mpya: meno mara nyingi ni mazima, ila kidude kimepanuka. Chukua koleo ndogo, kibane kidogo upande mmoja wa nyuma, kisha upande wa pili, ujaribu. Kidogo, kwa sababu ukikaza sana kinavunjika. Yule mama wa Deep Sea nimemfanyia hivyo mara mbili sasa, na kibegi bado kinakwenda naye sokoni kila alfajiri.